Kisogo cha Mihambo

Mji ule ulimpokea Pazi kwa visogo.

Aliposhuka kwenye treni, begi mgongoni, suruali imekunjamana kwa kukaa, aliwakuta watu wamejipanga stesheni kama wanaosubiri mgeni. Wazee, akina mama, watoto, wauza karanga na beseni zao. Wote wamegeukia ukutani. Akajisemea labda kuna tangazo wanalisoma. Akapita ubavuni mwao ili awaone vizuri. Wakageuka. Hawakugeuka kwa kushtuka wala kwa hasira, hapana, waligeuka kama alizeti, taratibu, yeye hatua moja na wao kidogo, yeye hatua nyingine na wao kidogo, mpaka anafika mwisho wa stesheni hajaona pua hata moja.

"Mambo gani haya?" akasema.

"Poa," vikajibu visogo, vyote kwa mpigo.

Pazi akacheka. Ndivyo alivyo. Mtu mwingine angekimbilia kwenye treni, lakini alipogeuka kuitazama aliona behewa la mwisho tu, linakwenda zake, linapungua. Kumbe hata treni ina kisogo.

Ngoja kwanza tumjue huyu Pazi, maana mtu akiingia kwenye hadithi bila kutambulishwa ni sawa na aliyeingia chumbani bila kupiga hodi: kila mtu anajifunika.

Pazi alisoma chuo kikuu, kozi ya sanaa, na hakumaliza. Hakudisko, yaani hakufukuzwa kwa kufeli. Aliondoka mwenyewe kabla hawajamdisko, kama mtu anayeshuka kwenye gari akiona konda anakuja. Darasani alikuwa mtu wa vituko. Kuna siku wenzake walifanya maonyesho, kila mmoja na kazi yake ya jasho, rangi za mafuta, vinyago, na yeye akaokota kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, akakiegemeza kwenye nguzo, akabandika karatasi: USIGUSE. Watu wakakizunguka kile kiti. Wakakipiga picha. Mgeni mmoja mwenye miwani alisimama pale akipumua kwa shida. Siku hiyo Pazi akajua jambo ambalo lilimharibia maisha: kwamba kiti si kitu. Karatasi ndiyo kitu. Anayeshika karatasi anaweza kuamuru kitu kiwepo, na watu wakakaa pembeni yake bila kukigusa.

Halafu ikaja tasnifu. Msimamizi wake, Dakta Mbonea, alimpa mada nzuri tu: sanaa ya kisasa na wale wanaojiita watangulizi, wanaokwenda mbele kabla ya mbele yenyewe haijafika. Pazi akasoma. Akasoma kuhusu wale wa Ulaya waliomchora mtu macho yote mawili shavu moja, yule aliyepeleka choo cha kukojolea kwenye maonyesho watu wakabishana mpaka leo, na wale waliokata magazeti vipande, wakatia kwenye mfuko, wakatikisa, wakatoa shairi. Alicheka peke yake maktaba mpaka akafukuzwa. "Hawa ndugu zangu kabisa," alisema. Lakini Dakta alimuuliza swali moja: "Na kwetu je? Kwetu ni nani alitangulia?"

Pazi akaenda kutafuta. Alitafuta kidogo. Ofisi aliyotumwa ilikuwa imefungwa, wako semina. Mzee aliyeelekezwa kwake alikuwa amehama. Boom, ile posho ya wanafunzi, likaisha. Basi akakaa kitandani bweni, chips mayai mapajani, na badala ya kumtafuta mtangulizi, akamtunga.

Alimwita Mihambo. Akamfanya mtu wa kabila moja la bara ambalo watu wake na watu wa kabila la Pazi, la pwani, ni watani tangu enzi za misafara, kwa sababu kumcheka mtu baki ni ufedhuli, lakini kumcheka mtani ni haki yako ya kuzaliwa. Akampa koti la kijivu. Akampa mvi, na kovu dogo chini ya nywele. Akampa mji mzima wa wafuasi, na binti mmoja, kwenye tanbihi. Akawapa jina: Kundi la Kisogo. Wanachora visogo tu. Picha zao hutundikwa zikitazama ukuta. Ujanja wake ni upi? Ni kwamba mtu akidai picha ya huyo Mihambo, picha hakuna, maana kundi lenyewe limekataza nyuso. Ulikuwa usanii wa kukwepa ushahidi. Na uvivu pia, tusimsingizie akili nyingi. Kisogo ni rahisi kukitunga kuliko uso. Kwa utani zaidi akawaandikia na ilani:

*Uso ni wa mwenyewe, kisogo ni cha watu.*
*Anayetangulia haonekani uso.*
*Anayetaka kuonekana uso, abaki nyuma.*

Mwisho wa sura, akiwa na usingizi, akaandika: "Mihambo alifariki akiwa hajulikani." Akafuta mikono kwenye shuka, akalala.

Dakta Mbonea aliisoma sura ile akalia. Kweli, machozi. "Pazi, twende huko. Lazima nizione hizo picha." Wiki hiyohiyo Pazi akatoweka chuoni, akaacha hata godoro.

Miaka ikapita. Yeye akawa mchoraji wa vibao vya vinyozi. Unavijua: kichwa cha mwanaume, nywele zimenyolewa duara, maandishi mekundu. Nyuso za kutunga hakuwahi kuziweza, kwa hiyo alijitazama kwenye kioo na kujichora mwenyewe. Vinyozi wote wa mitaa ile walikuwa na uso mmoja, wa Pazi, anatabasamu upande, kidoti shavuni. Huku nyuma Mihambo alikuwa anakua bila yeye. Fulani alimnukuu Pazi, fulani mwingine akamnukuu huyo fulani, na mtu aliyenukuliwa na watu wawili tayari ana damu.

Mpaka siku ile simu ilipoita, sauti ya mwanamke, tulivu, kama inatoka chumba cha pili.

"Mtani. Mihambo ametutoka. Njoo uzike."

Pazi alijua ni mzaha, na mtu wa mizaha hawezi kulala akijua kuna mahali kuna mzaha umemzidi. Akakata tiketi ya treni mpaka mji aliompangia Mihambo kwenye tasnifu.

*

"Nifuate," alisema mwanaume mmoja pale stesheni, na Pazi akaifuata shingo pana yenye mikunjo miwili. "Naitwa Maganga. Marehemu ni mjomba wangu. Mmechelewa nyie watu wa pwani, kama kawaida yenu. Mlikuwa mnakuna nazi?"

"Nyie ndio mmewahi sana kufa," Pazi akajibu. "Mngemngoja mwenzenu amalize ugali."

"Aha! Mtani kaja!" Mikunjo ya shingo ikacheka. Ni kweli, mikunjo ndiyo iliyocheka. Pazi aliiona ikijikunja na kujikunjua.

Jua lilikuwa utosini na halikusogea. Mtu hana kivuli, nyumba haina kivuli. Wakapita mgahawani, kalenda ukutani zimegeuzwa, vioo vimegeuzwa. Kwenye kibanda cha mpira wanaume wamebanana, televisheni imetazamishwa ukuta, nao wanautazama ule mgongo wake mweusi wenye matundu, na goli lilipofungwa wakaruka wakakumbatiana, kisogo kwa kisogo.

"Amefariki lini?" Pazi akauliza.

"Hilo ndilo lililotusumbua," Maganga alisema bila kugeuka. "Wewe uliandika alifariki. Hukuandika lini. Mjomba akawa anaishi huku ameshakufa. Anakunywa chai, amekufa. Anachora, amekufa. Ukimsalimia unachanganya shikamoo na pole. Tumengoja utuambie, hujatuambia. Mwisho tumekaa kikao tukaamua basi, iwe leo."

Pazi akasimama.

"Mmeisoma tasnifu yangu?"

"Kusoma?" Shingo ikatikisika. "Mtani, sisi tunakaa humo."

*

Hebu fikiria kisogo. Umezaliwa nacho, utazikwa nacho, na hujawahi kukiona. Kinyozi wako anakijua. Aliyekaa nyuma yako darasani alikijua, akakipiga kwa rula. Anayekupenda na anayekuwinda wote huja kwa upande huo. Mtoto wa mgongoni humjua mama yake kwa kisogo kabla hajamjua kwa uso, na siku anapoteremshwa chini akaona lile jicho na ule mdomo, hulia, kwa sababu amebadilishiwa mama. Na mkubwa, huyu tunayemwita mkubwa, ni nani? Ni mtu unayemwona kisogo maisha yako yote. Yuko mbele kwenye msafara, yuko mbele kwenye picha ya umati, anatangulia na wewe unafuata, unakariri kila mkunjo wa shingo yake, unazaa watoto wanaoikariri pia, na inawezekana kabisa, Pazi aliwaza akiifuata mikunjo ya Maganga kwenye mwanga usio na kivuli, inawezekana kwamba upande wa pili hakuna mtu. Kwamba mnafuata shingo. Kwamba aliyeitunga shingo hiyo alikuwa na njaa, na chips zilikuwa zinapoa.

*

Msibani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, migongo kuzunguka mlango. Mmoja akainuka. Nywele zake zilisukwa twende kilioni, mistari yote imelala nyuma, imekutana shingoni kama njia za mchwa zinazorudi kichuguuni.

"Karibu, mtani. Mimi Nyamizi. Nilikupigia."

"Wewe ni nani yake?"

"Binti yake. Niko kwenye tanbihi."

Akaongoza ndani, yeye na Maganga, na Pazi nyuma. Mihambo alilazwa juu ya mkeka, koti la kijivu, chumba kinanukia karafuu. Walimlaza chali, lakini Pazi alichokiona juu ya mto ni nywele zenye mvi na kovu dogo chini yake. Maganga akamgeuza kwa ubavu. Kisogo. Akamgeuza kifudifudi. Kisogo. Pazi akazunguka mkeka mwenyewe, akapiga magoti, akainama, akachungulia kwa chini kama fundi anayechungulia gari. Nywele, mvi, kovu, kola. Kila alichowahi kukiandika kilikuwepo, na kila ambacho hakukiandika hakikuwepo.

"Tangu niko mdogo nilikuwa nazunguka," Nyamizi alisema. "Baba akikaa kwenye kiti, nazunguka mbele, nakuta nyuma. Namwita, anaitika, sauti inatoka ng'ambo. Nikajua nikiwa mkubwa nitakuwa na mbio za kutosha. Nimekuwa mkubwa."

"Na kwetu maiti lazima atazame mawio," Maganga akadakia. "Huyu atatazama na nini? Tukimzika hivi hatakaa. Tayari ameanza. Tunamlaza huku, tukirudi tunakuta amejigeuza, anatafuta upande wake wa mbele."

Kama vile amesikia, maiti akageuka taratibu kwenye mkeka. Kola ikakwaruza mto. Kisogo kikampa Pazi kisogo.

Pazi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Hapo mzaha ulimwishia. Akaona afanye jambo ambalo hajawahi kulijaribu. Akatoka nje uani, akasimama katikati ya waombolezaji, akapaza sauti:

"Jamani, nisikilizeni. Mihambo hakuwepo. Nilimtunga mimi. Nilikuwa na njaa, Dakta anataka sura yake, nikatunga mtu, nikatunga na nyie. Hakuna cha kundi, hakuna cha mchoraji. Ni uongo mtupu!"

Kisha kisogo kimoja kikacheka. Kikafuata cha pili. Uwanja mzima ukaangua kicheko, akina mama wakaegemeana, bibi mmoja akaanguka kwenye mkeka akipiga miguu.

"Mtani huyu kiboko!"

"Eti hakuwepo! Na hii sanda tumenunua ya nani, ya paka?"

"Naapa!" Pazi akapiga kelele. "Naapa jamani!"

"Anaapa! Uwiii, mbavu zangu! Mpeni paja la kuku huyu!"

Na wakampa, likapita bega kwa bega, kinyumenyume. Utani ndivyo ulivyo. Msibani wote wanalia, mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kucheka, na kwa sababu ana ruhusa hiyo, hakuna anachosema kinachoaminika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Pazi alisimama mbele za watu akasema ukweli usio na chumvi, na ndio ukawa mzaha wake uliofana kuliko yote.

*

"Tunachotaka ni kidogo," Nyamizi alimwambia baadaye, wamekaa kizingitini, yeye ametazama ndani, Pazi ametazama nje. "Fanya kazi ya mtani. Vaa koti la Baba. Tembea kama yeye, ongea kama yeye, ingia kaburini ulale, kama desturi. Ukimwigiza kwa uso wako, uso utakuwa umempitia. Tutamzika upesi kabla haujapoa."

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Inategemea utasema nini shimoni. Sheria unaijua."

Aliijua. Kwao kila mtoto anaijua. Juu ya ardhi maneno ya mtani ni upepo. Ndani ya kaburi maneno ya mtani ni amri. Mtani analala shimoni, anagoma kutoka, anadai anachotaka, na wafiwa lazima wampe, vinginevyo hakuna maziko. Wengine hudai jogoo. Wengine hudai shati la marehemu. Kuna aliyewahi kudai mchumba, na akapewa, na wana wajukuu.

Pazi akalishika shavu lake, lile la kidoti. Uso huu ndio uliokuwa unamlisha. Uso huu ulikuwa kwenye vibao vya mji mzima. Hana digrii, hana nyumba, hana hata godoro. Ana sura tu. Hapo akapata akili, na akili yenyewe ilikuwa ya baridi, ilipita mgongoni kama mjusi. Shimoni maneno yake ni amri. Basi akiingia shimoni atadai kitu kimoja: *Mihambo awe hakuwepo.* Ukweli uleule uliochekwa uani, safari hii utakuwa sheria. Maiti itafutika, koti litafutika, mji utafutika, na yeye ataamka mahali fulani na uso wake, pengine bweni, chips bado za moto.

"Leteni koti," akasema.

Nyamizi hakuinuka mara moja. "Mtani, unacheka?"

"Kidogo."

"Natamani kujua kucheka kwa uso kunakuwaje," akasema.

*

Koti lilimkaa utadhani alipimiwa. Akaanza kutembea, na jamani, alikuwa fundi. Aliinamisha bega moja, akaburuza kiatu, akakohoa kikohozi alichokitunga palepale, na waombolezaji wakapiga yowe: "Ndiye! Ndiye huyo!" Akachora hewani kwa kidole, akageuza picha ya hewani ikatazama ukuta. Akawagombeza wafuasi wake wasiojua kutangulia. Wakacheka wakilia, wakalia wakicheka, na Pazi alihisi mwili wake ukinywa vile vicheko kama mchanga unavyonywa maji. Hivyo ndivyo walivyomsindikiza mpaka makaburini, akitangulia yeye, na kwa mara ya kwanza watu wote wa mji ule walikuwa nyuma yake, wanamwona kisogo.

Akaruka shimoni, akalala.

Ukiwa chini dunia ni mstatili. Pembeni mwa mstatili huo, ukizunguka, vichwa vyeusi dhidi ya anga jeupe. Jua katikati, halisogei.

"Sitoki!" akapiga kelele ya desturi.

"Unataka nini, mtani?" wakajibu kwa desturi.

Sasa. Sema sasa. Awe hakuwepo. Maneno mawili tu. Uliwahi kusema *awepo* ukiwa na mdomo umejaa mayai, hukuona uzito. Na hili nalo halina uzito. Ni karatasi tu. Unabandua karatasi kwenye kiti, kiti kinarudi kuwa takataka. Kiti hakilii. Nani amewahi kusikia kiti kinalia. Sema.

Lakini udadisi ni ugonjwa. Akaona kabla hajawafuta awaone, hata mara moja.

"Kwanza geukeni," akasema. "Nataka kuwaona nyuso."

Ilikuwa amri, wakageuka. Taratibu, kama alizeti, duara zima. Pazi akaangalia. Nywele. Shingo. Mikunjo. Mistari ya twende kilioni. Walikuwa wamegeuka kweli, na upande wa pili ulikuwa kama upande wa kwanza. Hakuna aliyeficha uso wake siku ile yote. Walikuwa wanamtazama tangu stesheni, kwa moyo wote, na hicho ndicho walichopewa cha kutazamia.

Nyamizi akapiga magoti ukingoni, akainama kuelekea shimoni.

"Umetuona, mtani?"

Tone la maji likamdondokea Pazi juu ya mdomo. Lilikuwa la moto, lina chumvi. Akabaki anajiuliza mtu asiye na macho analilia wapi. Akajiuliza pia nani alimtungia huyu kulia, maana yeye hakuandika. Tanbihi ilikuwa mstari mmoja: *alikuwa na binti.* Kilio alikuwa amejitafutia mwenyewe.

"Dai basi," Maganga alisema juu. "Mjomba anageuka tena huku. Unataka nini?"

Yale maneno mawili yalikuwa kwenye ulimi. Pazi aliyahisi, yana ladha ya chuma. Akafungua mdomo. Na mdomo ule, ambao haujawahi kukaa na jambo zito bila kulikwepa, ukafanya kama ulivyozoea.

"Basi mwazimeni huu wangu," akasema. "Mwazimeni tu, jamani. Atanirudishia siku nikifa."

Akangoja kicheko.

Kicheko hakikuja.

*

Wakamtoa kwa heshima kubwa, wamemshika mikono. Wakamteremsha Mihambo. Safari hii maiti alikaa alivyolazwa, ametulia, ameelekea mawio. Pazi alisimama ukingoni na upepo ukawa unampiga mahali ambapo zamani haukuwa unampiga hivyo, upepo laini wa shingoni, ila mbele. Alikuwa bado anaona, kama unavyoona ndotoni, bila kujua unaona na nini.

Nyamizi alikuwa ameinama kaburini muda mrefu kabla ya udongo wa kwanza.

"Kumbe alikuwa na kidoti," akasema. "Maganga, njoo uone. Kumbe Baba alikuwa anatabasamu. Upande. Miaka yote ile nikimzunguka, kumbe alikuwa anatabasamu."

Visogo vikamsogelea, kimoja kimoja, vikachungulia, vikasema *aaah*, kama watu kwenye maonyesho. Hakuna aliyegusa. Kisha wakamfukia.

"Asante, mtani," Nyamizi alimwambia stesheni. Akampapasa kwa kiganja pale uso ulipokuwa, mvi zilikuwa hazipo, kovu lilikuwa halipo, nywele fupi tu. "Tutaonana kwenye msiba wako. Siku hiyo mimi ndiye nitakuja kucheka."

Treni ikampeleka, na alipoteremka kwenye mji wake alifurahi karibu alie: watu walikuwa na pua! Pua kubwa, pua bapa, pua zinazotoka jasho. Ng'ambo ya barabara kibao cha kinyozi alichokichora mwenyewe kilikuwa palepale, maandishi mekundu palepale, ila kichwa kilikuwa kimegeuka. Kwenye geti la kutokea, mkagua tiketi, mwanaume mwenye pua nzuri kuliko zote, alinyoosha mkono.

Pazi akampa tiketi.

"We bwana," mkagua tiketi akasema, "hebu geuka. Mimi sikagui visogo."

"Nimeshageuka," alisema Pazi.